Kata Waya Mmoja Tu: Hotuba kwa wenye maghala, wakulima wa zabibu na mafundi wa kamera wa Dodoma

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, ndugu wafanyabiashara, wakulima wetu wa zabibu mliotoka Hombolo na Mpunguzi, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana wa ufundi mliojibanza kule nyuma, itifaki imezingatiwa. Naomba niingie kwenye mada moja kwa moja, maana upepo wa leo na hili turubai sijui kama watapatana mpaka mwisho.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzitoa kamera za ulinzi kwenye nyaya na kuzihamishia kwenye mawimbi. Mada imekuja wakati wake. Mji huu umetanuka haraka tangu Serikali ihamie hapa. Mtu aliyefunga kamera kwenye fremu yake ya Majengo miaka hiyo, leo ana stoo Nzuguni, ana nyumba Ilazo, na kwa kuwa ni Dodoma, ana na ekari zake kadhaa za zabibu. Kamera zake za zamani bado nzima. Kinachomshinda ni waya wa kufika kote huko. Basi anamfuata fundi: "Ondoa nyaya zote, nataka wayalesi." Na fundi, kwa kuwa anaitaka kazi, anajibu, "Hakuna shida, bosi."

Shida ipo. Kamera inahitaji vitu viwili: umeme wa kuiwasha, na njia ya kupitishia picha. Mawimbi yanabeba picha, umeme wa kamera hayaubebi. Kwa hiyo anayekuuzia kamera "isiyo na waya" amekuondolea waya mmoja kati ya miwili, na ule wa pili, ambao mara nyingi ndio wenye usumbufu zaidi, umebaki ukining'inia palepale. Zipo kamera zenye betri ndani, najua mtaniuliza. Nyingi ya hizo zinalala mpaka kitu kipite mbele yake, kwa nyumbani zinafaa. Kwa ghala lenye tani za mahindi mimi sitaki kamera inayolala.

Nitakachowaambia leo ni hiki. Msihamishie mfumo mzima hewani. Tafuta kile kipande kimoja cha safari ya picha ambacho waya unakutesa: kuvuka barabara, kuvuka korongo, kutoka shamba hadi nyumbani. Hicho ndicho ukirushe. Vipande vifupi vya ndani ya jengo viache kwenye waya wake. Waya mzuri wa mita 20 uliopita ndani ya paipu hauathiriwi na wifi ya jirani, haupotezi mtandao, na hauna pasiwedi ya kuibiwa.

Sasa tuanze na ulichonacho. Kabla hujatoa hela, panda ngazi uangalie kichwa cha waya kinachoingia kwenye kamera. Hiki nilichoshika ni cha mviringo, cha chuma, unakisukuma kisha unakizungusha kidogo kinajifunga. Tunakiita BNC. Katikati kuna sindano moja nyembamba. Hiyo ndiyo inayobeba picha, na wavu wa shaba unaouzunguka waya wake unaikinga na kelele za umeme. Pembeni utakuta kichwa kingine kidogo cha volti 12. Ukiona hivyo, kamera yako ni ya analojia, yaani picha yake inapita kama umeme tu bila kugeuzwa data, na upande wa pili kuna DVR, kile kinasa kinachorekodi picha. Hiki kingine ni cha plastiki inayopenya mwanga, ndani unaona nyaya 8 zimepangwa kwa rangi. Ukikuta hiki, kamera ni ya IP. Hiyo ina kompyuta ndogo ndani yake, inatoa picha ikiwa tayari imegeuzwa data, na kama imefungwa kwa utaratibu wa PoE, umeme wake unapita humohumo kwenye waya wa mtandao. Waya huo una kikomo cha mita 100, msidanganyane. Kamera za IP si jambo la jana: kampuni ya Axis ya Uswidi iliuza ya kwanza mwaka 1996. Ila fremu nyingi za hapa kwetu bado ni analojia, na wala si aibu. Hizi analojia za HD za siku hizi, zinazopita kwenye waya uleule wa koaksio, huo wa sindano na wavu, zinatoa picha safi.

Nasisitiza hilo la kichwa cha waya kwa sababu dawa zake ni mbili tofauti. Kamera ya IP inaelewana na ruta na antena bila mtu wa kati. Ya analojia haielewani nazo, lazima kitu kisimame katikati kiigeuze ile picha.

Madukani mmeshaona visanduku viwili vidogo vyenye antena fupi. Kimoja unachomeka kwenye kamera, kingine kwenye DVR, picha inaruka kama ilivyo, kwa analojia, kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Bei yake inavutia. Mimi sivipendi. Masafa hayo ndiyo ya wifi ya jirani, ndiyo ya bluetooth, na hata maikrowevu ya kupashia chakula inavujisha humohumo. Kwenye wifi ya kawaida masafa hayo yana chaneli 3 tu zisizogongana: ya 1, ya 6 na ya 11. Simama Majengo saa nne asubuhi, washa simu uone wifi ngapi zinajitokeza, halafu ujiulize kisanduku chako kitapenya wapi. Na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba vingi havina kufuli lolote. Mtu mwenye kipokezi cha aina hiyohiyo akikaa kwenye kibanda cha chipsi ng'ambo ya pili, anaiona kaunta yako kama unavyoiona wewe, anajua saa ngapi mnahesabu hela na nani anabeba mfuko.

Kuna kifaa kingine kinaitwa enkoda. Kinapokea waya wa BNC upande mmoja, upande wa pili kinatoa waya wa mtandao. Kwa kamera moja ya analojia iliyokaa peke yake getini, ni suluhisho zuri. Lakini kwa kamera nne, sita, nane, kwa nini ununue enkoda? DVR yako ni enkoda tayari! Kazi yake yote ni kupokea picha za analojia, kuzibana, kuzihifadhi na kuzitoa kwenye mtandao. Angalia nyuma yake, tundu la waya wa mtandao lipo, kwa watu wengi lina vumbi tu, halijawahi kuchomekwa kitu.

Na hapa ndipo kwenye siri nzima ya kazi hii: ipeleke DVR kwenye kamera, usizilete kamera kwenye DVR.

Nitoe mfano wa Kibaigwa, kwa wanaolijua lile soko la mahindi na malori yake. Mfanyabiashara ana ofisi upande huu wa barabara, ghala upande ule. Nyaya za kamera zilivutwa juu, kutoka bati hadi nguzo, kutoka nguzo hadi bati. Lori lililopakia kupita kimo likazinyofoa. Wakazichimbia chini, kikaja kijiko kuchimba mtaro, kikazinyofoa pamoja na bomba la maji la mtaa mzima. Alipoita mafundi akapigiwa hesabu ya kubadilisha kamera zote 8 ziwe za wifi. Kila kamera ijitegemee, kila moja itafute mawimbi kupitia kuta za tofali na bati la chuma, zote zikigombania ruta moja iliyoko ng'ambo ya barabara. Hesabu yenyewe ilikuwa ndefu kuliko risiti ya harusi.

Kilichofanyika ni hiki. Kamera hazikuguswa. DVR ilihamia ghalani, ndani ya boksi la chuma lililochomelewa juu ukutani, lenye matundu ya hewa na kitambaa cha kuzuia vumbi la pumba. Nyaya zikafupishwa. Juu ya paa la ghala ikafungwa antena moja ya gigahezi 5, ofisini nyingine, zinatazamana. Hizi ndizo mafundi tunaziita briji. Ofisini kukawa na kompyuta ya kuangalia. Waya uliokatwa ni mmoja tu, ule wa kuvuka barabara.

Faida ya mpango huo hamtaiona siku ya kwanza. Mtaiona siku mawimbi yatakapokatika. Rekodi inafanyika ghalani, palepale zilipo kamera, kwa waya. Mawimbi yakikatika ofisini unakosa kuangalia tu, rekodi inaendelea. Nyinyi mnajua wezi wa siku hizi wamesoma. Kuna vifaa vya kuvuruga wifi, na mwizi wa namna hiyo anaanza kuvuruga kabla hajaruka ukuta. Kama kamera yako inategemea hewa ili irekodi, umempa ufunguo. Naona mzee anatikisa kichwa, anataka kusema mwizi ataondoka na DVR yenyewe. Kweli mzee wangu, ndiyo maana boksi limechomelewa, na ndiyo maana kwa mwenye uwezo tunaweka kinasa cha pili ofisini kinachopokea nakala kupitia briji hiyohiyo.

Sasa vijana, nisikilizeni kwenye kulenga, maana hapa ndipo fundi na mfungaji wanapoachana. Antena hizi zinatoa mwale mwembamba. Mmoja yuko juu ya paa na spana, mwingine chini anasoma kwenye simu namba za nguvu ya mawimbi. Namba ni za hasi: hasi 80 ni mbaya, hasi 60 ni nzuri, hasi 50 unashangilia. Unazungusha kidogo kuelekea kushoto, unasubiri namba itulie, unazungusha tena. Namba inapanda hadi hasi 72, inaanza kushuka, na kijana anapiga kelele "funga hapo!" Usifunge. Antena ina mwale mkubwa katikati na miale midogo pembeni, na hapo huenda umenasa wa pembeni. Endelea kuzungusha hadi upite kabisa, namba ishuke, ipande tena. Kilele cha kweli utakijua kwa sababu kinazidi vingine vyote kwa mbali. Ukishakipata kushoto na kulia, fanya vivyo hivyo juu na chini, kisha nenda ng'ambo ukarudie. Ndipo ukaze nati, na ukikaza uangalie namba tena, maana nati yenyewe inaivuta antena.

Antena mbili lazima zionane. Lakini kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayaendi kama uzi. Yanatanuka, nene katikati, nyembamba mwishoni. Kwa umbali wa kilomita 1 kwenye gigahezi 5.8, unene wa katikati ni kama mita 3.6 kila upande wa ule mstari wa macho. Asilimia 60 ya nafasi hiyo inatakiwa iwe wazi, yaani kama mita 2.2. Kwa hiyo unaweza kusimama Nzuguni ukaliona paa la mwenzako vizuri kabisa, lakini kwa sababu mstari unapita nusu mita juu ya bati la mtu wa tatu, mtandao unachechemea na hujui kwa nini. Ongeza urefu wa paipu, tatizo linaisha.

Dodoma kwa hili tumependelewa. Ardhi kubwa tambarare, hewa kavu, vilima vya mawe vinavyoonekana kutoka mbali. Lakini tuna mtego wetu. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi mingine mibuyu iko uchi na vichaka vimepukutika. Fundi anafunga briji mwezi wa tisa, mstari unapita katikati ya matawi makavu, namba ni nzuri, anachukua hela yake anaondoka. Januari majani yametoka, yamejaa maji, na maji yanameza mawimbi haya vizuri sana. Picha zinaanza kukwama, mwenye mali anaambiwa antena imeungua. Haijaungua. Mti umevaa! Ukipima mwezi wa tisa, pima kana kwamba kila tawi unaloliona ni ukuta.

Na upepo wetu huu mnaousikia unavyolipiga turubai, unatikisa na milingoti. Paipu nyembamba ndefu isiyofungwa waya wa kuishikilia inacheza, na mwale mwembamba ukicheza digrii chache unaikosa antena ya pili. Afadhali paipu fupi, nene, iliyokamatwa sehemu mbili ukutani.

Tuje kwenye mahesabu, ambayo wauzaji huyaruka. Kamera moja ya HD, ile ya 1080, kwa ubanaji wa H.264, yaani njia ya kuipunguza picha isichukue nafasi kubwa, hutumia kama megabiti 4 kwa sekunde. Kamera 8 ni megabiti 32. Briji nzuri ya gigahezi 5 inabeba hiyo bila jasho. Ruta ya wifi iliyowekwa chini ya kaunta, nyuma ya friji, haibebi. Megabiti 4 kwa sekunde, kwa saa 24, ni kama gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 ni karibu gigabaiti 346. Hata diski ya terabaiti 2 haifikishi siku 6, ndipo inaanza kufuta za mwanzo. Kwa hiyo yule anayegundua mwisho wa mwezi kwamba magunia yamepungua, akataka kuangalia wiki ya kwanza, hakuti kitu. Ukihamia ubanaji wa H.265, kama DVR na kamera zinauelewa, matumizi hupungua hadi karibu nusu, na siku zinakaribia mara mbili. Hilo ni jambo la kubadilisha kwenye mipangilio tu, halihitaji duka.

Mama pale mbele ameniuliza mapema, kabla sijapanda hapa: shambani je? Hakuna TANESCO, hakuna ofisi ng'ambo ya barabara, zabibu zinakaribia kuvunwa na watu wanaingia usiku na ndoo. Mama yangu, hapo kuna njia mbili. Kama kuna kilima au paa unaloliona kutoka shambani na mwenyewe anakubali, briji inaweza kwenda kilomita kadhaa, na hiyo huilipii kila mwezi. Kama hakuna, ni ruta ya laini ya simu. Lakini kumbuka ile gigabaiti 43. Ukiiacha kamera irushe picha usiku na mchana kwa laini, bando litaisha kabla ya chai. Kwa hiyo kamera irekodi kwenye kadi yake ndani, kwa megabiti 2 kadi ya gigabaiti 128 inatunza karibu siku 6, na kwenye laini itume picha fupi tu pale mtu anapopita. Wewe ukitaka kuangalia moja kwa moja, unafungua, unaangalia, unafunga.

Umeme wa huko ni sola, na sola ina hesabu yake. Kamera ikiwasha taa zake za usiku tuseme inakula wati 6, ruta au antena wati 6. Jumla 12. Kwa saa 24 ni wati-saa 288. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea-saa 24 kwa siku. Unataka ivumilie siku mbili za mawingu? Ni 48. Na betri ya asidi ukiikamua zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo nunua ya 100. Paneli: hata tukihesabu saa 5 tu za jua kamili, na Dodoma jua si la kuombea, unahitaji kama wati 58, weka ya 100 kufidia vumbi, joto na upotevu. Atakayekuuzia kipaneli cha ukubwa wa daftari akasema kinatosha kamera ya masaa yote, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na paneli ifutwe. Vumbi letu jekundu likikaa wiki tatu bila mvua, paneli ya 100 inafanya kazi ya ndogo yake.

Hata huku mjini umeme ndio chanzo cha malalamiko mengi ambayo watu hulaumu mtandao. Kamera inaonyesha vizuri mchana, usiku inazima, inawaka, inazima. Watu wanabadilisha kamera, wanabadilisha DVR. Kumbe waya wa umeme ni mwembamba. Chukua waya wa nusu milimita ya mraba, umbali wa mita 50, kwenda na kurudi mita 100: una ukinzani wa kama ohm 3.5. Mchana kamera inavuta ampea 0.2, unapoteza volti 0.7, haina neno. Usiku taa zinawaka, inavuta 0.8, unapoteza karibu volti 3. Kamera ya volti 12 imebaki na 9, inajizima. Ikijizima mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka tena. Ndiyo ule mchezo mnaouona. Weka adapta karibu na kamera, au nyoosha waya mnene.

Nigusie radi kwa haraka kwa sababu msimu hauko mbali. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia ya radi kutoka jengo moja hadi jingine. Ikipiga huku, DVR inaungua kule. Mawimbi yanakata njia hiyo, na kwangu hii ni sababu nzuri ya kurusha hewani hata pale ambapo waya ungewezekana. Lakini antena ya juu ya paa nayo inahitaji kinga kwenye waya wake na nondo ya ardhi. Udongo wetu ukikauka haupitishi umeme vizuri. Zile mbinu za wazee za mkaa na chumvi kwenye shimo la nondo, na ndoo ya maji wakati wa kiangazi, bado zinafanya kazi.

Na buibui. Mtacheka, lakini taa za usiku za kamera zinavuta wadudu, wadudu wanamvuta buibui, buibui anatanda utando mbele ya kioo, upepo unautikisa, na simu yako inalia usiku kucha kwamba kuna mtu. Mwisho mtu anazima tahadhari zote, na hiyo ndiyo siku mwizi anakuja. Ufagio mrefu, kila wiki.

Kuhusu pasiwedi sitakuwa mpole. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikiingia kwenye kamera na DVR kwa kujaribu tu orodha ya majina na pasiwedi za kiwandani, kama 60 hivi. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vya watu vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kubwa zikawa hazifunguki. Wenye kamera hawakujua kitu, ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Leo, hapa Dodoma, ukienda kwenye fremu kumi utakuta ngapi bado ni "admin" na "12345"? Ulipokuwa kwenye waya mtupu, mwizi alilazimika kuingia ndani. Ukirusha hewani, anaweza kujaribu akiwa kwenye bajaji. Badilisha pasiwedi ya kila kifaa: kamera, DVR na antena zote mbili. Briji ifungwe kwa WPA2 au WPA3, ndizo kufuli za wifi. Na wifi unayowagawia wateja isiwe kwenye mtandao mmoja na kamera, hata kwa dakika moja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Sura ya mtu kwenye kamera yako ni taarifa binafsi. Mwenye biashara anayekusanya taarifa hizo anapaswa kujisajili kwenye Tume, na watu wanaopita waambiwe kwamba wanarekodiwa. Bango moja mlangoni, kwa Kiswahili kinachosomeka. Geuza kamera isiingie uani kwa jirani. Zile picha za kijana aliyekwapua soda, zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka kwa shangazi yake Mpwapwa, zipeleke polisi, usizirushe. Na vifaa vya kurusha mawimbi viwe ni vile vilivyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Muulize muuzaji kabla hajafunga mfuko.

Mwisho ni malipo. Bakiza sehemu ya hela mkononi mpaka mfumo ulale usiku mmoja. Usiku huo zima umeme wa jengo kwa makusudi, uone kama vyote vinarudi vyenyewe bila fundi kuja. Fungua rekodi ya saa tisa usiku, siyo picha ya sasa, rekodi, na uisogeze mbele na nyuma. Chomoa antena ya ofisini kwa dakika kumi, kisha urudi uangalie kama ghalani ziliendelea kurekodi. Na fundi akuachie kwa maandishi pasiwedi zote na anwani ya kila kifaa, kwenye karatasi utakayoifungia kabatini, ili siku akisafiri usibaki unapiga simu isiyopokelewa.

Vifaa nilivyovitaja viko mezani hapa. Antena ya pili kijana wangu ameshaifunga kwenye lile paa la bluu ng'ambo ya uwanja, na ameipindisha kwa makusudi. Spana ninazo mbili. Wanaotaka kujaribu kulenga tutoke sasa, na mwenye swali aje nalo hukohuko.